Mwanga Uishie Kifuani

Mwaka 2007, Dk. Salvatore Sclafani, aliyekuwa mkuu wa idara ya radiolojia katika hospitali ya kufundishia ya Downstate, Brooklyn, jijini New York, aligundua jambo lililomkera kuhusu picha za eksirei za watoto njiti wa hospitali yake. Madaktari wa wodi walikuwa wameomba kifua. Walicholetewa ni mtoto mzima: fuvu, taya, mikono na vidole vyake, kifua, tumbo, nyonga, mapaja. Picha nyingine zilipigwa mtoto akiwa amelazwa vibaya, hata daktari wa kuzisoma akapata shida kutofautisha ugonjwa na kiwiliwili kilichopinda. Habari hiyo ilibaki ndani ya hospitali mpaka Februari 2011, gazeti la The New York Times lilipoianika.

Mtu asiye wa fani akionyeshwa picha ya namna hiyo huenda akaipenda. Mbavu nyembamba zimejipanga, vidole vimekunjwa, uti wa mgongo unahesabika pingili kwa pingili. Mtaalamu anaona kingine kabisa. Anaona tezi ya koo, macho, viungo vya uzazi na uboho wa kila mfupa vikiwa vimepitishwa kwenye mionzi ili daktari apate kutazama mapafu mawili, kila moja dogo kuliko kiganja.

Mfanyakazi wa eksirei hakuhitaji mashine mbovu ili alitende kosa hilo. Ilitosha asinyooshe mkono kugusa vifundo viwili vilivyo kwenye kichwa cha mashine.

Ndani ya kichwa hicho, chini ya mrija unaotoa mionzi, kuna vibati vya madini ya risasi vinavyofunguka na kufungika kama milango ya kuteleza, jozi moja kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Wataalamu wanakiita kifaa hiki kolimeta. Pembeni yake kuna taa ya kawaida na kioo, na mwanga wa taa hiyo hupita kwenye mlango uleule utakaopitisha mionzi. Kwa hiyo kabla ya kupiga, mpigaji anaona juu ya mwili wa mtoto mraba wa mwanga wenye msalaba katikati, na pale mraba unapoishia ndipo mionzi ya moja kwa moja itakapoishia. Kwa kifua cha mtoto mchanga, mraba unaanzia shingoni na kuishia chini kidogo ya mbavu za mwisho. Kidevu kimeinuliwa, mikono imesogezwa isikatishe mapafu. Ukiwa umewahi kuona mwanga ule ukifunika kitanda kizima, kuanzia kofia ya mtoto hadi soksi, umeona kosa la Brooklyn kwa macho yako.

Mtu mzima akipigwa picha ya kifua, mraba ukizidi kwa sentimita tatu umeongeza kipande cha ini. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu, sentimita tatu ni sehemu kubwa ya tumbo, na sentimita chache tena zinafika kwenye korodani au ovari. Halafu kuna uboho mwekundu, ule unaotengeneza damu. Ukubwani hubaki zaidi katika uti wa mgongo, nyonga, mbavu na mfupa wa kifua. Utotoni umejaa mifupa yote, hata ya mikono na miguu, kwa hiyo mkono ulioachwa ndani ya mwanga kwa uzembe ni kiwanda cha damu kilichopigwa mionzi bure. Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, na saratani inayoanzishwa na mionzi huchukua miaka, mara nyingi makumi ya miaka, kujitokeza. Mzee wa miaka 75 huenda asiishi hadi kuiona. Mtoto wa siku tatu ana muda wote.

Hofu hii haikutungwa vitabuni. Mwaka 1907, daktari Alfred Friedlander wa Cincinnati, Marekani, alitumia eksirei kumtibu mtoto aliyedhaniwa kuwa na tezi ya thaimasi iliyovimba. Tezi hii hukaa nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Kwa mtoto mwenye afya ni kubwa, na mtoto akiugua muda mrefu au akikosa chakula husinyaa. Madaktari wa enzi hizo walijifunza umbo lake kutoka kwa maiti za maskini waliokufa baada ya kuugua na kudhoofika, wakaamini kwamba ile tezi iliyosinyaa ndiyo ya kawaida. Mtoto aliyekuwa mzima akifa usingizini, wakimpasua wanakuta tezi kubwa, wanaishtaki kwamba imemkaba. Picha za kifua zilipoenea, kivuli cha tezi hiyo kikaonekana kwa watoto wengi waliokuwa hawaumwi kitu, na dawa ikawa kuwachoma mionzi hadi tezi ipungue. Tiba hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950. Maelfu ya watoto wazima walitibiwa ugonjwa usiokuwapo.

Mwaka 1950, Duffy na Fitzgerald, madaktari wa New York, walichunguza kundi la watoto wenye saratani ya tezi ya koo. Karibu theluthi walikuwa wamepigwa mionzi ya thaimasi wakiwa wachanga. Huko Rochester, katika jimbo hilohilo, watafiti wakafuatilia zaidi ya watu 2,600 waliotibiwa hivyo utotoni, wakiwalinganisha na ndugu zao ambao hawakutibiwa. Saratani za tezi ya koo ziliendelea kuzidi kwa waliotibiwa hata baada ya miongo kadhaa. Kwa wastani tezi zao zilikuwa zimepokea zaidi ya grei 1 ya mionzi.

Namba hiyo ni vema ikasomwa polepole, kwa sababu bila kuilinganisha na nyingine msomaji anaweza kuacha kusoma hapa na kwenda kumzuia daktari. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 1996 kuhusu picha za watoto unataja maikrogrei 80 kwenye ngozi kama kiwango cha kulinganishia kwa picha moja ya kifua ya mtoto mchanga. Grei 1 ni zaidi ya mara elfu kumi na mbili ya hapo. Ukigeuza picha hiyo moja, iliyopigwa vizuri, kuwa athari kwa mwili mzima, unapata takriban kiasi cha mionzi ambacho sote tunakipokea kwa siku chache tu kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Wastani wa dunia kwa mwaka ni milisiveti 2.4. Mtoto anayehema kwa shida, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, anahitaji kujulikana kama mapafu yake yamekosa ute wa kuyafungua au kama hewa imevuja ikalibana pafu. Picha hiyo ina thamani kubwa kuliko hatari yake, na mzazi anayeikataa anamdhulumu mwanawe.

Udogo wa hatari, hata hivyo, si ruhusa ya kuipuuza. Aliyewafundisha madaktari hilo, tena kwa taabu, ni Alice Stewart wa Oxford. Mwaka 1956 alianza kuchapisha matokeo ya kazi aliyoifanya kwa kuwauliza akina mama waliopoteza watoto kwa saratani, pamoja na akina mama wenye watoto wazima, yaliyowapata wakati wa ujauzito. Waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba walijitokeza karibu mara mbili zaidi upande wa waliofiwa. Wakubwa wa fani hawakutaka kusikia. Eksirei ilikuwa fahari ya hospitali, na ushahidi wa kumbukumbu za akina mama ulionekana mwepesi. Mwaka 1962 Brian MacMahon, akitumia rekodi za hospitali za Marekani na wala si kumbukumbu za mtu, alipata ongezeko la asilimia 40 hivi, na ubishi ukaanza kupoa. Tangu hapo wanaosimamia kinga ya mionzi wanafanya kazi kwa kudhani kwamba kila kiasi, hata kidogo, kinaongeza hatari kidogo. Mtoto njiti anayekaa wodini miezi miwili hapigwi picha moja. Mapafu, mirija, tumbo, mirija tena: zinaweza kufika makumi. Kwa huyo, tofauti kati ya mraba uliobanwa na ulioachwa wazi inazidishwa kila mara.

Sasa twende kwenye kitambaa cha risasi, maana nikitaja kinga ya mionzi ndicho kinachowajia watu wengi akilini. Tangu miaka ya 1950 wapigaji picha walifundishwa kuweka kipande cha risasi juu ya viungo vya uzazi vya mgonjwa. Wasiwasi wa wakati huo, baada ya mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, ulikuwa kwamba mionzi ingeharibu mbegu na madhara yangerithiwa na wajukuu. Mwaka 1976 mamlaka za Marekani ziliandika pendekezo hilo katika kanuni zao, na wanafunzi wa radiolojia duniani kote wakalikariri.

Watoto waliozaliwa na manusura wa mabomu yale wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na madhara ya kurithi yaliyoogopwa hayajaonekana kwao. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilipopitia upya hesabu zake mwaka 2007, uzito iliovipa viungo vya uzazi ulishuka kutoka 0.20 hadi 0.08. Wakati huohuo mashine zilikuwa zimeboreka kiasi kwamba picha moja inahitaji sehemu ndogo tu ya mionzi ya zamani. Aprili 2019 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kilitamka kwamba uwekaji wa kitambaa hicho kama desturi uachwe. Januari 2021 baraza la kitaifa la kinga ya mionzi la nchi hiyo likatoa tamko la mwelekeo uleule, na wataalamu wa Uingereza nao walikuwa wameshaandika la kwao mwaka 2020.

Hoja iliyonishawishi mimi ni ya fizikia zaidi kuliko ya takwimu. Picha ikipigwa kifuani na mraba ukibanwa sawasawa, mionzi inayofika kwenye korodani au ovari haitoki nje. Imegonga tishu za kifua, ikatawanyika, ikateremka ndani ya mwili wenyewe. Kitambaa kilicho juu ya nepi hakiizuii, kwa sababu haikupitia huko. Na kama picha ni ya nyonga, kitambaa hufunika kile kilichokuwa kitazamwe. Ovari za watoto wa kike hazikai mahali pamoja, kwa hiyo mara nyingi kitambaa hufunika mahali zisipo. Kikiteleza kidogo picha inarudiwa, na mtoto amepigwa mara mbili kwa sababu ya kinga. Ongeza kwamba kipande hichohicho huhamishwa kutoka kitanda hadi kitanda, kinawekwa juu ya ngozi laini kama utando wa kitunguu, katika wodi ambako maambukizi yanaua.

Hata hivyo sioni haja ya kumcheka mama anayekidai. Kwa zaidi ya miaka 60 hospitali zenyewe zilimwambia ndicho kinachomlinda mtoto. Mtaalamu anayekataa kukiweka bila kueleza neno, kisha akaacha mwanga ukafika magotini, hana la kumjibu.

Mbali na ukubwa wa mraba, kuna kiasi cha mionzi chenyewe. Filamu za zamani zilikuwa na ukali wake. Ukizidisha mionzi, picha inatoka nyeusi, kila mtu anaona, bosi anauliza. Picha za kidijitali zinasamehe. Ukipunguza mno zinatoka na chengachenga na daktari analalamika. Ukizidisha zinatoka safi, laini, za kupendeza, na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo mpigaji asiye na nia mbaya hata kidogo hujikuta anapandisha kidogo leo, kidogo mwezi ujao. Kompyuta ina namba inayoonyesha kama kiasi kimezidi, ila ni lazima mtu aitazame.

Baya zaidi ni mkasi. Programu ya picha inamruhusu mpigaji kukata kingo baada ya kupiga. Mtoto amepigwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Kwenye skrini mpigaji anavuta mistari minne, anabakiza kifua, anatuma. Daktari anapokea picha nadhifu isiyo na kasoro. Mionzi imeshapita, na ushahidi wa kosa umefichwa kwa kidole. Ndiyo maana idara makini humtaka mkaguzi afungue picha kama ilivyopigwa, kabla haijakatwa, aangalie kama kingo nyeupe za vibati vya risasi zinaonekana pande zote nne. Kingo zikikosekana, huenda mraba ulikuwa mpana kuliko kibao cha kunasa picha.

Kupiga vizuri picha ya kifua cha mtoto mchanga ni ufundi wa mikono. Mtoto mchanga anahema mara 40 hadi 60 kwa dakika, na huwezi kumwambia abane pumzi. Mpigaji anatazama tumbo linavyopanda na kushuka, anakamata mdundo, anabonyeza kitufe tumbo linapokuwa juu. Mwongozo wa Ulaya unataka mionzi itoke kwa muda usiofika milisekunde 4, ili picha isitikisike. Kama mtoto yuko ndani ya inkubeta, kibao huingizwa kwenye droo iliyo chini ya godoro ili asibebwe wala asipate baridi. Kikiwekwa moja kwa moja chini yake, kifungwe kitambaa kilichopashwa joto. Nyaya za mashine ya moyo husogezwa pembeni. Kifuniko cha inkubeta nyingi kina tundu la duara, na tundu hilo likiangukia kifuani hutoa kivuli ambacho daktari asiye mzoefu anaweza kukisoma kama uvimbe wa hewa ndani ya pafu. Mkunjo wa ngozi mgongoni nao hujifanya mstari wa pafu lililosinyaa. Kila kimojawapo kinaweza kuleta picha ya pili isiyo na sababu.

Anayemshika mtoto atulie avae aproni ya risasi, na mikono yake isiingie ndani ya mwanga. Mjamzito asipewe kazi hiyo. Wengine wote wanaweza kutulia. Nimeona wauguzi wakikimbilia mlangoni na akina mama wakivuta vitanda vya wanao mtaalamu anaposema "eksirei". Mionzi inayotawanyika kutoka kwenye mwili mdogo kiasi kile ni haba, na inapungua haraka kwa umbali: ukisimama mara mbili mbali zaidi unapokea robo. Hatua mbili nyuma zinatosha, na mtoto wa kitanda cha jirani hana la kuogopa maadamu mashine haikuelekezwa kwake.

Kuna jambo katika sheria ambalo wazazi wengi wakilisikia hushangaa. Mfanyakazi wa eksirei ana kikomo: wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, kwa mapendekezo ya kimataifa, na kifuani anavaa kipimo kinachopelekwa kusomwa. Nchini Tanzania usimamizi huo uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Mgonjwa hana kikomo chochote, na ilikusudiwa hivyo, kwa kuwa kikomo kingeweza kumnyima picha ya kumwokoa siku ya mwisho. Maana yake ni kwamba mzigo mkubwa umewekwa juu ya daktari anayejaza fomu. Akiandika "kifua" kwa mazoea, kila asubuhi, kwa sababu mtoto yuko kwenye mashine ya kupumulia, hakuna kifaa kitakachopiga kelele. Wodi nyingi zimeacha picha za asubuhi za desturi, zikabaki na zile zenye swali: mrija umeingia kina gani, pafu limefunguka au bado?

Swali likiwa wazi, hata ukubwa wa mraba unajulikana. Mtoto aliyewekewa mirija kwenye mishipa ya kitovu anahitaji kifua na tumbo katika picha moja, kwani ncha ya mrija wa ateri hutafutwa kati ya pingili ya sita na ya tisa ya kifua, nao unapita tumboni kufika huko. Kupiga kifua peke yake kisha tumbo peke yake kungepiga eneo la katikati mara mbili. Hiyo ni picha kubwa yenye sababu, na bado haina haja ya fuvu wala mapaja.

Kwa baadhi ya maswali mionzi haihitajiki tena. Altrasaundi ya mapafu, ambayo Mfaransa Daniel Lichtenstein aliipigania wakati wenzake wengi waliamini kwamba hewa inaifanya isifae, sasa inatumika kando ya kitanda cha mtoto mchanga kutambua mapafu yaliyokosa ute, maji yaliyochelewa kukauka baada ya kuzaliwa, na hewa iliyovuja. Mwaka 2020 wataalamu wa Ulaya walitoa mwongozo wa matumizi yake wodini. Inataka mikono iliyofunzwa, na mashine yenye kichwa kidogo cha kutosha, vitu ambavyo hospitali nyingi za wilaya hazina bado.

Altrasaundi haijamaliza kazi ya eksirei. Mtoto njiti ambaye utumbo wake umeoza na kutoboka analazwa ubavu wa kushoto, mionzi ikipita mlalo, ili hewa iliyotoroka ipande na kuonekana juu ya ini. Picha hiyo ndiyo inayomwita daktari wa upasuaji usiku wa manane, na huenda ikarudiwa baada ya saa sita, na tena baada ya nyingine sita. Mraba wake unaanzia juu kidogo ya kiwambo cha kupumulia na kuishia kwenye nyonga. Kwa mtoto wa kiume, korodani zinapaswa kubaki nje ya mwanga, na kazi hiyo inachukua sekunde mbili za kuzungusha kifundo.